Bondia Asiulizwe Kama Anaweza Kuendelea

Mwamuzi akimhesabia bondia aliyeangushwa hadi nane, humshika glovu, humkazia macho, kisha humwuliza: unaendelea? Jibu halibadiliki. Bondia atasema naendelea, hata kama magoti yamelegea na hakumbuki hii ni raundi ya ngapi. Amefundishwa kujibu hivyo tangu siku ya kwanza alipovaa glovu, na sisi watazamaji tumemshangilia kila alipojibu hivyo. Tunasema wazi kwamba swali hilo anaulizwa mtu asiyepaswa kuulizwa. Sababu yake haiishii kwenye ngumi. Inagusa namna tunavyojenga imani ya wanamichezo wetu wote, wanaogusana na wasiogusana, na kazi tunayoipa imani hiyo baada ya kuijenga.

Imani tunayoisema hapa haina uhusiano na tambo. Tambo za siku ya kupima uzito huuza tiketi, na promota ana haki ya kuuza tiketi zake, lakini haziongezi nguvu ya konde hata moja. Tunazungumzia imani ya mtu kwamba kazi hii iliyo mbele yake, kwa kiwango hiki, leo, anaiweza. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliieleza mwaka 1977 katika maandishi ambayo watafiti wa michezo wanayategemea hadi leo. Alisema inatoka katika vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kazi ambayo mtu ameshaifanya mwenyewe akafaulu. Kinachofuata ni kumwona mtu wa hali kama yake akiifanya. Halafu yapo maneno ya mtu anayemwamini. Cha mwisho ni jinsi anavyousoma mwili wake: moyo ukienda mbio kabla ya mechi, mmoja husema naogopa, mwingine husema niko tayari, na mapigo ni yale yale.

Maneno yamewekwa chini ya vitendo. Makocha wetu wengi wameupindua mpangilio huo.

Imani hii ina uzito gani uwanjani? Mwaka 2000 Sandra Moritz na wenzake walikusanya tafiti 45 za michezo mbalimbali, wakaona kwamba imani ya mchezaji na matokeo yake vinakwenda pamoja kwa kipimo cha wastani cha 0.38, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kufuatana bila kuachana hata kidogo. Kwa hiyo imani haitoshi peke yake. Anayejiamini bila pumzi ataishiwa pumzi kama wengine. Lakini kwenye mashindano ambayo walioingia fainali wote wana mapafu na miguu ya kiwango kimoja, kiasi hicho kinatosha kuamua medali inakwenda kwa nani.

Jaribio moja la mwaka 1979 linalionyesha jambo hili vizuri. Robert Weinberg na wenzake, huko Marekani, waliwakalisha watu wanyooshe mguu hewani, washindane na mtu wa pili nani atachelewa kuushusha. Baadhi yao waliambiwa kwamba mshindani wao ana goti bovu. Wengine waliambiwa ni mwanariadha hodari. Mshindani huyo alikuwa mtu wa watafiti na alipangwa kushinda kila mara. Wale walioamini kwamba wanapambana na mwenye goti bovu walivumilia kwa muda mrefu zaidi, na baada ya kushindwa mara ya kwanza walirudi mara ya pili wakaongeza muda. Wale walioamini kwamba wanapambana na hodari walirudi wakashusha mguu mapema zaidi. Watu wa kawaida, miguu ya kawaida. Kilichotofautiana ni habari walizopewa kabla ya kuanza.

Kijiweni na vyuoni kuna ubishi usiokwisha: nani anajiamini zaidi, watu wa ngumi, judo na raga, au watu wa riadha, kuogelea na mpira wa wavu? Hatuoni faida ya kuwapanga hivyo kwenye mizani moja. Imani hii imefungwa kwenye kazi. Bondia asiyemwogopa mtu ulingoni anaweza kutetemeka ukimsimamisha ukingoni mwa bwawa la kuogelea. Hata mpaka wenyewe kati ya makundi hayo mawili unavuja. Kanuni za netiboli zinamtaka mlinzi akae umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira, lakini aliyewahi kusimama karibu na goli anajua jinsi nyonga zinavyosukumana kabla mpira haujafika. Mbio za mita 1500 zinahesabiwa kuwa hazina kugusana. Muulize yeyote aliyekimbia katikati ya kundi kuhusu viwiko na misumari ya viatu.

Kinachofaa kuuliza ni hiki: ushahidi wa kwamba naweza unakaa wapi, na nani ana uwezo wa kuuvuruga?

Kwa mkimbiaji, mrukaji na mrusha mkuki, ushahidi unakaa kwenye saa na kwenye futi. Saa haina ugomvi na mtu. Haimchukii, haimhurumii, na ilichosema Jumanne itasema tena Ijumaa. Eliud Kipchoge ameandika mazoezi yake kwenye daftari miaka nenda rudi. Umuhimu wa daftari lile unaonekana ukikumbuka mambo yalivyokwenda. Mwaka 2003 mjini Paris, akiwa bado kijana mdogo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5000 mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Wengi wangestaafu. Yeye alihamia barabarani, na mwaka 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg.

Kisha ikaja Monza, Italia, Mei 2017. Alikuwa anajaribu kumaliza kilomita 42 na ushei chini ya saa mbili. Alimaliza kwa saa 2:00:25. Magazeti mengi yaliandika kwamba ameshindwa. Lakini rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 2:02:57 ya Dennis Kimetto, na aliyekuwa amebakiza sekunde 26 tu hakuwa tena anaota. Alikuwa na ushahidi mkononi. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alimaliza kwa 1:59:40. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi wasindikizaji wa kasi walivyopangwa, na hilo halipunguzi hoja yetu. Monza ndiko Vienna ilikojengwa.

Chanzo cha pili nacho kinafanya kazi vizuri sana kwenye kambi za Bonde la Ufa. Kaptagat, kijana aliyetoka shuleni juzi anakimbia kilomita 30 nyuma ya bingwa wa dunia, anakula naye ugali sufuria moja, na zamu ya usafi ikifika anamwona bingwa yule yule akisafisha choo cha kambi. Kocha wao, Patrick Sang, ana medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji. Kijana huyo hahitaji kuambiwa kwamba mtu wa kwao anaweza. Anaishi naye.

Na asiye na jirani wa kumtazama? Julius Yego alitaka kurusha mkuki nchini Kenya, ambako kila mtu anakimbia. Aliwatazama warushaji wakubwa wa Ulaya kwenye video za intaneti, akina Jan Železný, akarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akachukua fedha ya Olimpiki mjini Rio. Tanzania nayo ina Alphonce Simbu: shaba ya marathoni ya ubingwa wa dunia London 2017, kisha miaka minane ya kazi, kisha dhahabu mjini Tokyo Septemba 2025, akifika mstarini kwa muda ule ule wa saa 2:09:48 na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na picha ya kamera. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Baada ya kilomita 42, mguu unaosema bado nina hatua moja umepata maneno hayo kutoka kwenye maelfu ya hatua za nyuma.

Ulingoni na kwenye zulia la judo mambo ni mengine. Mbele yako yupo mtu ambaye kazi yake ni kuuharibu ushahidi wako. Ulichokiweza jana mazoezini, leo yeye amekuja kukizuia. Ngumi ya kwanza nzito ikikupata, mwili wote unatoa taarifa mpya: moyo, pumzi, maumivu, woga. Mkimbiaji wa marathoni ana zaidi ya saa mbili za kubishana na shaka zake. Bondia hana hata sekunde. Kusitasita kwake kunaonekana hapo hapo, na mpinzani anakuadhibu kusitasita huko kwa konde la pili. Kwenye raga ni hivyo hivyo: anayekaba kwa shingo upande huchelewesha bega, akaweka kichwa mahali pasipofaa, na hapo ndipo majeraha ya kichwa yanapotokea. Kwa hiyo katika michezo hii imani ni sehemu ya usalama wa mchezaji, na anayeijenga vibaya anamuumiza mtu.

Tunaijengaje? Ingia jioni kwenye klabu nyingi za ngumi za mitaani. Mfuko mmoja wa mazoezi uliobanwa kwa gundi ya karatasi, kamba za kurukia, glovu zinazopokezana watu. Kijana aliyeanza juzi anaingizwa kwenye sparingi na mkongwe aliyepigana miaka kumi. Anapigwa. Pua inatoka damu, wenzake wanacheka, kocha anasema anamkomaza. Tunawaheshimu makocha hawa, wengi wao hawalipwi chochote, na bila wao watoto wengi wangekuwa pabaya. Lakini kwa hapo wanakosea. Kijana yule jioni ile amejifunza kazi moja tu, kufumba macho ngumi inapokuja. Akiirudia kwa miezi, ataifumbia macho na ngumi ya pambano la kweli.

Kocha anayejua kazi hufanya hivi. Humwambia mkongwe: leo tumia mkono wa kushoto tu, na usitie nguvu. Kijana humpa kazi moja: kinga, kisha toka upande wa pili. Dakika mbili, wanapumzika, wanarudia. Akishaiweza mara nyingi mfululizo, siku nyingine mkono wa kulia unaruhusiwa. Baadaye nguvu inaongezwa kidogo kidogo. Kijana anapigwa bado, kwa sababu huu ni mchezo wa kupigana, lakini kila siku anatoka na jambo alilolifanya mwenyewe likafaulu. Huko ndiko kukomaa.

Upande wa pili wa kosa hilo ni rekodi za kupikwa. Bondia mchanga mwenye mdhamini huletewa wapinzani wanaoanguka raundi ya kwanza, mmoja baada ya mwingine. Karatasi inapendeza. Ukiitazama kwa jicho la Bandura, haina kitu: hajawahi kuumizwa akarudi, hajawahi kuchoka akaendelea, hajawahi kusoma mpinzani akabadilisha mbinu. Siku anapopelekwa nje kukutana na mtu wa kweli, anagundua hayo yote ndani ya dakika tatu, mbele ya kamera.

Hassan Mwakinyo wa Tanga alifanya kinyume cha hapo, Septemba 2018. Alikwenda Birmingham, Uingereza, bila jina kubwa, kupigana na Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, mbele ya mashabiki wa Eggington mwenyewe. Raundi ya 2 mwamuzi alisimamisha pambano, Mtanzania akiwa mshindi. Kwa kijana wa Tanga anayejifunza ngumi leo, usiku ule una thamani kuliko hotuba yoyote ya mgeni rasmi. Mtu wa mitaa yake aliweza.

Kwenye michezo ya timu imani inapata sura nyingine. Aprili 2016 mjini Singapore, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji 7 iliifunga Fiji 30-7 katika fainali, ushindi wake wa kwanza kwenye mzunguko wa dunia, chini ya kocha Benjamin Ayimba ambaye sasa ni marehemu. Fiji ile ile miezi michache baadaye ilitwaa dhahabu ya Olimpiki. Ukiitazama safu ya ulinzi ya raga utaelewa kwa nini imani ya timu haipatikani kwa kujumlisha imani za watu saba. Kila mmoja anasimama na mtu wake. Nikikosa imani kwamba jirani yangu atamkaba wa kwake, nitaingia ndani kumsaidia, na pale nilipotoka panakuwa uchochoro. Timu inafungwa kwa sababu ya mchezaji mmoja asiyemwamini mwenzake, ingawa yeye mwenyewe anajiamini vya kutosha.

Kuna watu wanaoamini kwamba wasichana hawana moyo wa michezo ya kugusana. Tunalikataa wazo hilo. Mtoto wa kiume huanza kugongana na wenzake kwenye vumbi akiwa na miaka minne. Wa kike huambiwa akae vizuri, achunge nguo yake, apishe. Akifika sekondari na kuwekwa uwanjani, ana upungufu wa miaka kumi ya mazoezi, na tunauita upungufu huo maumbile. Mwaka 2022 nchini India, Serengeti Girls, timu ya soka ya Tanzania, walishiriki kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Walifungwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza. Timu nyingi huvunjika hapo. Wao waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali. Hapa ndipo tofauti ya wale watu wa jaribio la mguu ilipoonekana kwa macho yetu wenyewe: kuna wanaoshindwa mara ya kwanza wakarudi wakaongeza muda.

Hatuwezi kuandika kuhusu imani ya mchezaji katika nchi zetu tukakaa kimya kuhusu ndumba. Timu zinazoruka ukuta ili zisipite mlango rasmi, zinazokataa kuingia chumba cha kubadilishia nguo, zinazotozwa faini kisha zikarudia wiki ijayo, zinatafuta kitu kile kile tunachokizungumzia. Viongozi wanataka wachezaji waingie uwanjani wakiamini. Tatizo ni kwamba imani hiyo imekabidhiwa mtu ambaye hachezi. Bao likiingia dakika ya tano, mchezaji hana pa kurejea. Hawezi kusema tulishawahi kutoka nyuma, tunajua kazi hii. Anasema tumezidiwa, wenzetu wameenda kwa mkubwa zaidi. Pesa ile ingemlipa mtu wa kupitia mikanda ya mechi na kuwaonyesha vijana yale waliyoyafanya vizuri wao wenyewe.

Na yale maneno? Bandura mwenyewe aliandika kwamba maneno ni rahisi zaidi kubomoa imani kuliko kuijenga. Kocha anayemwita mtoto bwege mbele ya jukwaa kwa kukosa penalti amefanya kazi ambayo mazoezi ya wiki nyingi hayataifuta. Sifa za jumla nazo hazisaidii. Mwambie mtoto wewe ni simba, atafurahi hadi filimbi ipulizwe. Mwambie leo umekaba watu wanne bila kukwepa, wiki iliyopita ulikaba mmoja, atalala nayo.

Sasa turudi kwenye lile swali la mwamuzi.

Mwaka 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki baada ya kusukumana barabarani. Aliumia goti na bega. Aliinuka, akafungwa bendeji, akaendelea, na kuingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari yake inasimuliwa shuleni, na inastahili. Goti lilikuwa lake, maumivu yalikuwa yake, akili iliyokuwa ikiamua ilikuwa timamu. Alipima na akachagua.

Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya 2. Ni dhahabu pekee ya ngumi ambayo Kenya imewahi kuipata katika Olimpiki. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Mwamuzi alisimamisha pambano. Wangila alilalamika, aliamini kwamba anaweza kuendelea. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, na hakupona. Alikuwa na miaka 26.

Tunawaweka wanaume hawa wawili pamoja kwa sababu vijana wetu huwasikia kama hadithi moja ya ushujaa. Wote waliamini kwamba wanaweza. Kwa Akhwari, kichwa kilichukua taarifa kutoka kwenye goti kikaamua. Kwa bondia aliyepigwa kichwani, kiungo kilichoumia ndicho kinachoulizwa. Ubongo uliotikiswa unatoa jibu lile uliloliweka siku nyingi, naendelea, kama vile mtu anayejibu salamu usingizini. Kadiri tulivyomfundisha vizuri kujiamini, ndivyo jibu lake linavyopungua thamani wakati ule. Hali ni hiyo hiyo kwa mchezaji wa raga, kwa beki wa kati aliyegongana vichwa na mshambuliaji, kwa mtu wa judo aliyeangukia kisogo. Tumeona mara nyingi mchezaji wa mpira akimwagiwa maji kichwani, akainuka anayumba, uwanja mzima ukampigia makofi arudi.

Katika mbio, kutupa, kuogelea na wavu, msikilizeni mchezaji anaposema anaweza. Katika michezo ya kugusana, msikilizeni pia, mpaka kichwa kipigwe. Baada ya hapo uamuzi uhame mikononi mwake.

Tunaiomba Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, waanze na mambo yasiyohitaji bajeti. Bondia aliyeangushwa apimwe kwa anachokifanya: asogee hatua tatu, ageuke, ataje raundi na jina la mpinzani. Akishindwa, pambano limekwisha, hata kama anapiga kelele kwamba yuko sawa. Mapumziko ya lazima baada ya KO yanajulikana katika ngumi, lakini KO ya mazoezini mara nyingi haiandikwi popote, na ubongo hauna habari kama ulipigwa mbele ya mashabiki au mbele ya ukuta. Iandikwe kwenye kitabu cha klabu, na kitabu kikaguliwe kabla ya kutoa kibali cha pambano. Daktari wa pambano asiwe mtu aliyeletwa na promota.

Walimu wa michezo wanaoandaa timu za mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA tunawaomba daftari tu. La shilingi mia chache. Kila mtoto na ukurasa wake: leo ameruka kiasi gani, amekimbia kwa muda gani, amekaba mara ngapi. Mtoto anayechaguliwa au kuachwa kwa jaribio la asubuhi moja hapati ushahidi wowote kuhusu nafsi yake, anapata bahati au mkosi. Mwenye ukurasa anaweza kuachwa mwaka huu akajua kwa hakika amebakiza nini kufika mwakani.

Na kwenye pambano lijalo la kulipwa, popote litakapofanyika, fomu ya bondia iongezwe mstari mmoja. Kabla kengele haijalia, liandikwe jina la mtu mmoja wa kona, awe na malipo yasiyotegemea ushindi, naye ndiye atakayeshika taulo. Akilirusha, pambano limekwisha, na bondia haulizwi.